Jembe la Siku ya Nane

Kwetu Mwembesongo mwanamke akishazaa, jina lake linawekwa kabatini. Anaitwa mama wa fulani mpaka siku anayoingia kaburini, na ukimuuliza jirani wa miaka kumi jina lake hasa, atakuna kichwa. Mimi naitwa kwa jina la mwanangu mkubwa na sijawahi kulalamika. Lakini jirani yangu wa upande wa pili wa nyumba, tuliyeshiriki naye ua, bomba na kamba ya kuanikia nguo, hakuwa na wa kuitiwa. Alikuwa amezaa mara mbili huko kwao Nigeria, na mara mbili akazika. Mtaani wakamwita Mnaijeria, basi.

Ni Myoruba. Mumewe, mtu wa Dumila, alimkuta alikokwenda kusomea kilimo, akamleta Morogoro pamoja na masanduku mawili ya vitenge. Mimi ni fundi cherehani, na vitenge ndivyo vilivyotukutanisha. Alikuwa akikaa kwenye kigoda mbele ya mashine yangu, ananisimamia kama mkaguzi, huku anajifunza Kiswahili. Matusi aliyajua kabla ya salamu, na kosa hilo ni langu.

Katika kukaa huko ndipo alipoanza kunisimulia habari za majina. Kwao, alisema, jina si pambo la kumpendezesha mtoto. Kuna watoto wanaokuja nalo. Aliyetanguliza miguu ana jina lake tayari. Pacha wana yao tayari: anayetoka kwanza ni mdogo, ametumwa aje kuionja dunia, na anayetoka nyuma ndiye mkubwa aliyemtuma. Nyumba ikifiwa na babu, kisha akazaliwa mvulana, huyo ni baba aliyerudi, na wazee kabisa humpigia magoti.

"Hapo tuko pamoja," nikamwambia. Kwetu Matombo, katika nyumba ya mama yangu, jina la marehemu halizikwi. Msiba ukiisha, mtu mmoja wa tumbo lile lile anavalishwa jina, na tangu siku hiyo waliokuwa wakimwita marehemu bibi wanamwita yeye bibi, hata kama ana miaka ishirini. Mama yangu alilirithi jina la mama mkubwa wa mama yake. Alilirithi pamoja na vitu vyake, ugomvi wake na mizigo yake. Jina kama nyumba, huwezi kuchukua mlango ukaacha kuta.

Akacheka. Halafu akashika mkasi wangu, akawa anaufungua na kuufunga.

"Kuna watoto wengine," akasema. "Wanakuja, wanakaa kidogo, wanaondoka. Kisha wanakuja tena. Wewe mama unadhani umezaa wawili, umezaa watatu. Kumbe ni huyo huyo mmoja. Ana wenzake huko alikotoka, na wenzake wanamwita."

Mtoto wa namna hiyo, alinieleza, hupewa jina la kumzuia. Mengine ni ya kubembeleza: kaa nasi, usiende tena. Mengine ni ya kutukana, ili wenzake wamwone hana thamani. Nikamuuliza, yeye akijaliwa wa tatu atamwita nani. Akaweka kidole mdomoni. Jina halitajwi kabla ya siku ya nane. Ukilitaja mapema unawaambia wale wenzake waje na dawa yake.

Sikucheka. Nilikuwa nimeona tumbo lake chini ya kile kitenge nilichokuwa nampunguzia kiuno, na nikajua kwamba sipunguzi tena, nitaongeza.

Mama yangu alimpenda kupita kiasi. Kila aliposhuka kutoka Matombo na ndizi zake na mdalasini, yule Mnaijeria alimpokea kwa kupiga magoti yote mawili chini, saruji ikiwa na maji au haina, ndipo aseme shikamoo. Mama hakuwa amezoea heshima ya ukubwa huo. "Huyu ana adabu kuliko wewe niliyekuzaa," aliniambia mbele yake. Na kwa kuwa binti yule mama yake yuko mbali, nchi tatu nne huko, mama yangu akasema mtoto akizaliwa bibi yake atakuwa yeye. Alisema kama anayekubali kubeba kapu la mtu njiani.

Akazaliwa wa kike, asubuhi, salama. Nikampigia mama.

Sasa hapa lazima nieleze jambo la nyumba yetu, maana sijui kama Waluguru wote wanalifanya. Kwetu shamba hupita kwa wanawake. Mtoto wa kike akizaliwa, bibi yake humletea jembe jipya, bila mpini, limefungwa kwenye kanga. Maana yake ni kwamba una pa kusimama, hakuna wa kukufukuza. Ni zawadi kubwa. Kumpelekea mtoto wa mgeni jembe ni kumwambia mama yake kwamba huyu tumemhesabu kwetu.

"Nataka nimletee jembe," mama akaniambia kwenye simu. "Lakini hebu muulize kwanza. Kwao kuna mwiko wowote?"

Nilikuwa na pini mdomoni na sare za harusi ishirini na mbili juu ya meza. "Mama, watu ni wale wale," nikamjibu. "Wewe lete tu."

Sikumuuliza. Hata nia ya kumuuliza sikuwa nayo.

Kwa jirani walianza kwa kugombania siku ya kumpa mtoto jina. Ndugu wa mume walitaka siku ya saba, wachinje mbuzi na mtoto anyolewe. Mke anasema ya nane, hata moja haipungui. Wakabishana kutwa nzima mpaka ilipogundulika kwamba yeye anaanza kuhesabu siku yenyewe ya kuzaliwa na wao wanaanza kesho yake, kwa hiyo siku ni moja. Tulicheka sana uani pale. Nakumbuka kicheko kile kwa sababu ndicho cha mwisho kwa siku nyingi.

Mama alifika jioni ya kuamkia siku hiyo. Alisema atakaa wiki mbili. Niliona amekonda, nikamwambia, akanijibu kwamba wazee wa mlimani hawanenepi.

Asubuhi tukatandika mikeka uani. Mnaijeria alikuwa amepanga visahani mbele yake: maji, chumvi, asali ya Uluguru niliyomtafutia mwenyewe, mafuta ya mawese, na mbegu chungu ya kola ambayo dada yake alimtumia ndani ya soksi. Kwao kazi hii hufanywa na wazee. Yeye hakuwa na mzee hata mmoja, akaifanya mwenyewe. Alichovya kidole, akamgusisha mtoto mdomoni, akaeleza kila kimoja. Maji, kwa sababu hayana adui. Chumvi, ili maisha yawe na ladha. Asali, sote tukaitikia. Mtoto alikunja uso kwenye kola, wanawake wakacheka kwa sauti ndogo. Milima ilikuwa imefunikwa na wingu mpaka nusu, na jua lilikuwa halijatoka.

Kisha akamnong'oneza mtoto sikioni. Kwao mwenye jina hulisikia kwanza. Halafu akainua uso akalitaja kwetu.

Jina lile sitaliandika hapa. Shangazi wa mume, mwanamke mnene wa Dumila ambaye hakuna kinachompita, akauliza, "Na maana yake nini, mwanangu?"

Akajibu polepole, akichagua maneno, maana Kiswahili chake cha kuongea na wakwe hakikuwa sawa na kile alichojifunza kwangu. "Maana yake, jembe hakuna. Tumetafuta jembe la kuchimbia kaburi, tumelikosa. Kwa hiyo huyu hawezi kuzikwa. Atakaa."

Wanawake wakaguna kwa kukubali. Mmoja akasema amina. Zawadi zilikuwa zimepangwa kwenye kona ya mkeka, na katikati yake lilikuwapo furushi la kanga nyekundu, fupi, pana, zito. Nikamtazama mama. Alikuwa akilitazama furushi. Mikono yake ilikuwa mapajani, na nilimwona akiufunga mmoja ndani ya mwingine.

Nikanyoosha mguu nilivute taratibu nyuma yangu. Lilikwaruza saruji.

"Na hiki nini kizito hivi?" Shangazi alikuwa keshalishika. Watu wa aina yake huwa hawangoji jibu. Akafungua fundo la kwanza, la pili, na jembe likatoka, jipya, na karatasi ya dukani bado imegandishwa juu yake.

Mnaijeria hakupiga kelele. Alimfunika mtoto uso kwa kiganja, kama mtu anayezuia vumbi lisimwingie machoni.

Mama akasimama. Magoti yake yalilia, tukasikia. Akaenda mpaka kwa shangazi, akalichukua jembe, akalifunga upya kwenye kanga yake bila haraka.

"Mnisamehe," akasema. "Hili si la mtoto. Ni langu, nilipitia dukani, likachanganyika na vitu vya wenyewe. Uzee huu."

"Lako?" shangazi akauliza. "Jipya hivi?"

"Langu. Nina pa kulipeleka."

Akatoa noti kwenye fundo la kanga aliyovaa, akaiweka mahali furushi lilipokuwa, akarudi kukaa na jembe mapajani. Wageni wakaanza kupumua. Pilau ikaletwa. Mama hakula, na Mnaijeria hakuondoa macho kwenye kanga ile nyekundu. Hakuwa amedanganyika hata kidogo.

Mchana ule ule mama akasema anarudi Matombo. Nikamkatalia, nikapandisha sauti. Wiki mbili alizosema ziko wapi? Akafunga kapu lake. Nikamfuata mpaka stendi nikimgombeza njia nzima kwamba huo ni ushirikina, kwamba jembe ni chuma, kwamba angeliweka tu uvunguni kwangu yakaisha.

"Halilali nyumba moja na mtoto yule," akasema.

Tulikaa kwenye benchi tukisubiri gari lijaze. Ndipo aliponieleza jambo ambalo kwa miaka yangu yote hakuwahi kulisema. Kabla yangu alikuwa na binti. Hilo nilijua, kwetu hesabu ya watoto husemwa pamoja na waliokufa. Nisichokijua ni hiki.

"Alipokufa alikuwa na miezi mitano," mama alisema. "Mvua ilikuwa kubwa. Nikawaomba wangoje kesho, nikae naye usiku mmoja. Wanaume wakasema haya, tungoje, maana majembe yote yako shamba la ng'ambo ya mto. Kisha mjomba wako akakumbuka kwamba lipo moja ndani. Jipya, la mtoto mwenyewe, alilopewa na bibi yake, liko nyuma ya mlango. Wakatia mpini. Wakamzika kabla ya jua kuzama." Akavuta kanga mabegani. "Lilipatikana upesi mno."

Nikalitazama kapu lake.

"Nilidhani ni bahati yangu mwenyewe mbaya," akaendelea. "Ndiyo maana nilikuuliza."

Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali ningepata pa kushika, ningejitetea, mimi kujitetea naweza. Alipanda gari, akalipakata jembe, akanipungia mkono mmoja.

Mnaijeria alinisamehe kwa mdomo. Tulirudi kwenye kigoda na cherehani, lakini kila mtoto alipokohoa aliniangalia mimi kabla ya kumwangalia mtoto. Na mtoto alikohoa. Alipokuwa na miezi mitano, ile ile mitano, alipata homa ikapanda mpaka degedege. Nilikuwa nao kwenye pikipiki ya kwenda hospitali, mtoto amebanwa katikati yetu, macho yamegeuka, na mama yake anamwita jina lake sikioni, tena na tena, jembe hakuna, jembe hakuna. Mimi nalijua jembe liko wapi. Liko Matombo, uvunguni, limefungwa kwenye kanga nyekundu. Nilitaka kuruka kutoka kwenye pikipiki ile.

Mama akapiga simu usiku huo bila kuambiwa na mtu. "Mwambie mama yake," alisema, "jembe liko hapa kwangu. Halijaenda popote. Na mimi ndiye ninayelilalia."

Siku ya tatu mtoto akaomba kunyonya.

Mimi si mtu wa kuamini kila kitu. Nimesoma, na nikiumwa nakwenda hospitali. Lakini nasema nilichokiona. Tangu homa ile mtoto alinawiri, akaota meno, akatembea mapema, akawa mchokozi wa kuku wa mtaa mzima. Na mlimani mama yangu alikuwa akipungua. Kila nilipompandia nilimkuta mdogo zaidi. Nikimwambia ashuke mjini akapimwe anasema baada ya mavuno ya ndizi, baada ya Pasaka, baada ya mvua. Tulikuja kumshusha akiwa hawezi kubisha tena, na daktari akatuuliza tulikuwa wapi siku zote hizo. Mtoto alikuwa anakaribia miaka miwili tulipompandisha mama Matombo ndani ya sanduku.

Wachimba kaburi walikuja na majembe yao, na sururu na makoleo. Mjomba, mdogo wake mama, akawazuia. Akaingia ndani akatoka na furushi jekundu. Mama alikuwa amemwachia maagizo: la kwanza kugusa udongo liwe lile. Karatasi ya dukani ilikuwa bado ipo. Wakatia mpini, likaingia kwenye udongo mwekundu uliolowa, na mimi nilipolisikia niliangua kilio ambacho watu walidhani ni cha mama tu.

Nilikuwa nalia kwa sababu asubuhi ile, nikitafuta rozari kwenye kapu lake, nilikuta karatasi iliyokunjwa mara nne. Barua ya kituo cha afya cha kule mlimani, ya kumpeleka hospitali ya mjini kwa uvimbe tumboni. Tarehe yake ilikuwa siku mbili kabla ya mama kushuka kwa ajili ya jina. Wiki mbili alizosema atakaa zilikuwa za hospitali. Alishuka na barua na jembe ndani ya kapu moja, akakuta jembe limekosea nyumba, akalirudisha, na barua ikarudi nalo. Yote kwa sababu ya swali moja ambalo lingenigharimu kutoa pini mdomoni.

Mnaijeria hakuja mazikoni. Mumewe alikuja peke yake, akasema mtoto ana mafua. Sikumlaumu.

Lakini siku ya kumaliza msiba alikuja. Nilimwona kutoka mbali akipanda njia ya migomba, mtoto anatangulia mbele. Nilikuwa nimeshakalishwa kwenye mkeka mlangoni, nimevalishwa kanga za mama. Mjomba alinimwagia maji kidogo mikononi, akalitaja jina la mama mara tatu, na mara ya tatu niliitika, kama inavyotakiwa. Kisha akanikabidhi vitu vya jina. Rozari. Kapu. Na jembe, lina mpini sasa, limeoshwa, ncha yake imeanza kung'aa.

"Pa kuliweka utajua mwenyewe," mjomba akasema. "Lina mwenyewe, na mwenyewe ni wewe."

Mnaijeria akafika ukingoni mwa mkeka, akapiga magoti yote mawili kwenye tope, kwangu mimi, niliyemfundisha matusi. Mtoto akasimama kando yake akinishangaa katika kanga zile.

"Msalimie bibi," mama yake akamwambia.

Mtoto akachungulia ndani ya nyumba nyuma yangu, akimtafuta yule mwingine. Hakumwona. Akanirudia mimi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Akanijia mbio, akashika mpini wa jembe lililokuwa mapajani mwangu, akataka kulivuta, kama watoto wanavyotaka kila kilicho mkononi mwa mtu mzima. Mama yake akaita jina lake kwa ukelele, lile lile la siku ya nane, na ua mzima ukageuka. Nikaubandua mkono wa mtoto kidole kimoja kimoja, nikavua kanga ya juu, nikalifunga jembe ndani yake mafundo mawili.

"Usiogope, mwanangu," nikamwambia mama yake. "Ni langu. Nina pa kulipeleka."